Ufunguo wa Sakristia

Jumamosi, saa kumi. Muheza inanuka maganda ya machungwa.
Nimefungua sakristia, nimeketi na daftari:
majina mia mbili na kumi na saba,
wino wa bluu kwa walio hai, mweusi kwa waliolala,
mwekundu kwa waliokatwa.
Dayosisi wanataka hesabu kabla ya Jumatatu.

Nimefika herufi ya S.
Semng'indo, Yeremia. Mstari mwekundu.
Niliupiga mwenyewe, kwa rula,
alipotimiza miaka mitatu bila sadaka wala meza ya Bwana.

Na jana alfajiri nilimwona Yeremia
akitoka kwa Bi Mwanakombo, yule kipofu wa ng'ambo ya reli,
ndoo mbili tupu mkononi,
shati limelowa hadi kiunoni.
Majirani wanasema huu ni mwaka wa sita anamjazia pipa.
Mimi nilihesabu mitatu, na ilikuwa ile mingine.

Basi nikaiacha S, nikafungua Mathayo
kama mtu anayetafuta risiti.
Kanisa: nimelikuta mahali pawili tu, injili nzima.
Ufalme: vidole vya mikono vikaisha,
nikakopa vya miguu, navyo vikaisha.
Ufalme kama punje. Kama chachu ndani ya unga.
Kama juya lililozoa samaki wa kila namna.
Kama shamba ambalo mwenyewe anawaambia watumwa wake
wasing'oe, waache vyote vikue hadi mavuno.

Na mimi hapa, na rula yangu.

Hata Petro hakukabidhiwa ufalme. Aliahidiwa funguo.
Nimeutoa wangu mfukoni, wa shaba,
meno yamelika kwa jasho la makarani wanne kabla yangu.
Ufunguo si nyumba.
Aliye nao anaweza kufungua,
anaweza pia kuukalia palepale kizingitini
watu wakilowa mvua.

Dada Filotea, aliyetufundisha kipaimara, alikuwa akisema:
kanisa lina wingi wake, makanisa.
Shika barabara ya Amani uyahesabu:
letu, la Walutheri, la Wakatoliki, la Wasabato,
na lile la turubai lenye spika mbili.
Falme nazo zina wingi, zile za wenye majeshi.
Lakini huu tunaouomba, jaribu kuutia katika wingi,
ulimi unagoma.

Sisemi hivi kwa kulidharau paa hili, linalovuja juu ya kinanda.
Chini yake ndipo Yeremia, mtoto wa kaptura ya kiraka,
alipofundishwa kutamka: Ufalme wako uje.
Nani mwingine angemfundisha? Gulio?
Wapanda miche wa hapa wanajua:
chini unapanda mlimau, mkali, wenye miiba,
juu unabandika kikonyo cha mchungwa.
Mlimau hauwi mchungwa kwa kuubeba.
Lakini ung'oe, uone utakula nini msimu ujao.
(Sijui kama mfano wangu umenyooka. Kasisi atausahihisha.)

Uje. Kila Jumapili tunasema uje,
wazee kwa waimba kwaya, hata mimi na daftari kwapani.
Hakuna aombaye kije
kitu alichokwisha kukifungia kabatini.

Wino mwekundu haufutiki; nimejaribu kwa mate, karatasi ikatoboka.
Kwenye fomu nimeandika 217.
Si uongo, ndiyo hesabu ya daftari.
Bi Mwanakombo, aswaliye kwa kuelekezwa kibla na mjukuu,
hayumo katika wino wowote.

Nimefunga mlango, nikautikisa mara mbili, mazoea.
Kisha nikarudi, nikafungua tena,
nikachukua ndoo ya kupigia deki.
Kesho alfajiri nitaamka mapema.
Kama nitavuka reli, au nitageukia pale kwenye mataruma,
hilo bado silijui.